Wingu Lisilonyesha: Giza la Dodoma na Picha za Galaksi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu, walimu, wapiga picha wenzangu na ninyi vijana mliojaza viti vya nyuma, itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Nimepewa nusu saa, na mwenye saa amekaa hapa mbele ananikodolea macho, kwa hiyo nianze kwa kukiri. Mimi si mwanafalaki. Kazi inayonilisha ni picha za harusi, kipaimara na mahafali, humu humu Dodoma, na baadhi yenu albamu zenu nimezitengeneza mimi. Jumamosi utanikuta ukumbini nikimbembeleza bibi harusi anyanyue kidevu. Lakini mwezi ukiwa gizani, kuanzia Mei mpaka Novemba, kamera ile ile naitia begani, nawasha gari na kwenda porini kupiga picha galaksi, yale makundi ya mabilioni ya nyota yaliyo mbali mno. Nimeombwa nieleze kwa nini niende mpaka porini wakati nyumba yangu ya mtaa wa Kisasa ina paa zuri tu la kupanda. Mke wangu naye amekuja kulisikia jibu.

Nianzie harusini, ndiko ninakokujua. Bibi harusi amevaa shela nyeupe. Msimamishe mbele ya ukuta mweupe uliomulikwa na taa za ukumbi, shela inapotea, unabaki na uso na mikono tu. Mpiga picha mchanga akiona hivyo anakimbilia kuongeza taa. Anaongeza, na mambo yanazidi kuharibika, maana taa ile ile inamulika na ukuta. Aliyekula chumvi kwenye kazi hii hagusi taa. Anamsogeza bibi harusi mbele ya pazia jeusi, na hapo hapo kila uzi wa shela unaonekana.

Galaksi ndiyo hiyo shela. Tofauti ni kwamba galaksi huwezi kuishika mkono ukaisogeza. Inabidi usogee wewe.

Watu wengi hudhani galaksi hazionekani kwa sababu ni ndogo, kwamba bila darubini kubwa ya mamilioni hupati kitu. Si kweli. Chukua galaksi ya Andromeda, jirani yetu mkubwa, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, mwaka mmoja wa nuru ukiwa ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka. Katika anga ina urefu wa nyuzi 3 hivi, yaani miezi sita mipevu iliyopangwa mstari. Lenzi ya milimita 200, ile ninayotumia kumvuta bwana harusi akiwa mbali madhabahuni, inatosha kabisa kuichukua yote na nafasi ikabaki. Kubwa ni kubwa. Shida ni kwamba nuru yake imetandazwa nyembamba sana, kama samli kidogo kwenye chapati pana. Kitovu chake kinang'aa na kwa macho utakiona kama doa la ukungu. Mikono yake ya nje ni hafifu kuliko anga lenyewe, hata anga la porini.

Ndiyo, anga lina mwanga wake. Usidhani giza la porini ni jeusi kama masizi. Hewa ya juu kabisa hutoa mng'ao mdogo wa kijani unaotokana na oksijeni. Halafu kuna vumbi linaloelea kati ya sayari, linaloakisi nuru ya jua hata likiwa limeshazama. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwanga wa vumbi hilo husimama wima upande wa magharibi baada ya giza kuingia, mfano wa kichuguu kirefu cheupe. Mara ya kwanza kuuona nilidhani ni taa za Manyoni. Na hapa mfano wangu wa shela unaanza kuchechemea, kwa sababu huu ukuta mweupe hauko nyuma ya bibi harusi. Uko mbele yake, baina yake na kamera. Tunampiga picha kupitia pazia, na taa zetu za mjini ndizo zinazolifanya pazia lizidi kuwa zito.

Sasa tuhesabu kidogo, walimu wa hisabati mnivumilie. Nuru huingia kwenye kamera punje kwa punje, kama mtama unaodondoka kwenye debe. Chukulia pikseli moja ya kamera yako, yaani nukta moja ya picha, imepokea punje 100 kutoka kwenye mkono wa galaksi. Kwa muda huo huo, porini, anga limedondosha punje 400. Jumla 500. Punje hizi haziji kwa gwaride. Pikseli hii itapata zaidi, ya jirani itapata pungufu, na kupishana huko ndiko tunakoita chenga. Ukubwa wa chenga ni kipeuo cha pili cha jumla ya punje. Kipeuo cha pili cha 500 ni kama 22. Galaksi 100, chenga 22. Galaksi inaonekana, tena vizuri.

Rudi mjini, penye anga linalong'aa mara 25 kuliko lile la porini. Galaksi haina habari na mji wako, inaendelea kutoa punje zake 100. Anga sasa linamwaga 10,000. Kipeuo cha pili hapo ni 100. Galaksi 100, chenga 100. Ni kama kumtafuta mtoto wako mmoja kwenye umati wa Nanenane pale Nzuguni. Ukitaka ukiwa mjini upate picha inayolingana na ile ya saa 1 ya porini, utapiga kwa saa 20 hivi. Kwa sisi wenye kazi za mchana, hizo ni wiki nzima za kukesha, na mwezi haukusubiri.

Mtasema: si zipo programu? Zipo, na ninazitumia. Napiga fremu za dakika mbili mbili, mia na zaidi, kisha Siril au DeepSkyStacker, zote za bure, inazipanga moja juu ya nyingine. Lakini fremu 100 hupunguza chenga mara 10 tu, si mara 100. Kipeuo cha pili hakihongeki.

Na filta? Hili swali huulizwa kila mara na kijana aliyeona video mtandaoni ya mtu anayepiga picha maridadi kutoka kwenye kibaraza cha ghorofa katikati ya jiji. Tazama vizuri alichopiga. Mara nyingi ni nebula, mawingu ya hidrojeni yanayong'aa kwa rangi chache tu zinazojulikana, kama ile nyekundu ya nanomita 656. Mtu wa nebula anaweka filta inayopitisha rangi hiyo na kuzuia nyingine zote, taa za mji zinabaki nje mlangoni. Galaksi haina rangi moja. Galaksi ni nyota mabilioni, na nuru ya nyota ni rangi zote kwa pamoja. Ukizuia rangi za taa unazuia na za galaksi.

Zamani palikuwa na unafuu kidogo. Taa za sodiamu, zile za rangi ya chungwa, hasa zile za kizamani kabisa, zilikuwa zimejikusanya karibu na nanomita 589, na filta iliweza kuzikata. Taa za LED nyeupe zimetandaa kwenye rangi zote, kama galaksi yenyewe. Filta haiwezi kujua ipi ni nuru ya Andromeda na ipi ni ya kituo cha mafuta. Ndiyo maana nawaambia wapiga picha wenzangu wanaotaka kuanza: kabla hujauza kiwanja ununue filta, nunua mafuta ya gari.

Nisimulie kisa kimoja cha kweli, maana nikisema giza ni chombo cha kazi watu hudhani napamba maneno.

Huko California, Marekani, juu ya mlima Wilson, kuna darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.5. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, mwanafalaki Edwin Hubble aliitumia kupiga picha Andromeda, na kwenye sahani ya kioo ya picha hiyo akagundua nyota inayobadilika mwanga, akaandika pembeni yake kwa wino "VAR!" yenye alama ya mshangao. Nyota hiyo ndiyo iliyomwezesha kupima umbali na kuonyesha kwamba Andromeda iko nje kabisa ya galaksi yetu. Sawa. Lakini kitovu cha Andromeda kiligoma. Kila walipopiga picha walipata ukungu mtupu, nyota moja moja hazikuonekana. Na chini ya mlima, jiji la Los Angeles lilizidi kukua na taa zake zilizidi kupanda.

Ikaja vita ya pili ya dunia. Wanasayansi wengi wakaondoka kwenda kwenye kazi za jeshi. Mwanafalaki Walter Baade akabaki, kwa kuwa alikuwa Mjerumani na hakuruhusiwa. Basi Mjerumani akaachiwa darubini kubwa kuliko zote duniani wakati huo, na pwani nzima ikaamriwa kufifisha taa kwa hofu ya kushambuliwa. Akachukua sahani zinazohisi nuru nyekundu, akangoja usiku hewa imetulia, na kile kitovu kilichogoma miaka yote kikajigawa kuwa nyota, maelfu kwa maelfu. Alichapisha kazi hiyo mwaka 1944, na ndipo tukajua galaksi zina makundi mawili ya nyota, za kale na za baadaye. Darubini ni ile ile ya Hubble, galaksi ni ile ile. Sahani zilichangia, na ujuzi wake ulichangia. Lakini na zile taa zilizofifishwa zilichangia.

Mimi nami nina vita yangu ndogo. Usiku mmoja nilikuwa juu ya paa hapa hapa mjini, bado mbishi, nikijaribu Andromeda. Fremu zinatoka kijivu kama uji wa ulezi. Mara umeme ukakatika mtaa mzima. Mbwa wakanyamaza, sijui kwa nini. Nikatazama kioo cha kamera: fremu iliyofuata ilikuwa na giza, na katikati yake palikuwa na yai limelala upande, lenye kingo. Nilipata fremu 9. Ya 10 jirani aliwasha jenereta, na ya 11 umeme ulirudi, mtaa mzima ukashangilia isipokuwa mimi. Zile 9 nimezitunza mpaka leo. Mheshimiwa, siombi umeme ukatike, nina friji na nina watoto.

Basi twende porini, na tuanze kwa kujua tumekaa wapi. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwenye uwanda wa juu unaozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, halafu anga linafunguka. Wakulima wa zabibu na alizeti wanalijua hilo kwa uchungu. Kwa mtu wa galaksi ni neema. Mwezi Juni rafiki zetu wa London hawana usiku kamili hata dakika moja, jua linazama juujuu tu. Sisi kuanzia saa mbili usiku ni giza totoro mpaka saa kumi na moja alfajiri, mwaka mzima.

Tena tuna pande zote mbili. Katikati ya Oktoba, karibu saa sita usiku, simama mahali pa wazi. Tazama kaskazini: Andromeda iko juu nyuzi 43, karibu nusu ya njia kutoka upeo mpaka utosini. Geuka kusini: Wingu Dogo la Magellan, galaksi nyingine, liko juu nyuzi 23. Inua uso kidogo kuelekea utosini na kwenye ramani utakuta NGC 253, galaksi nene ya fedha ambayo lenzi inaipata kama kijiti kilichokolezwa. Zote tatu ziko kwenye mstari mmoja kwa saa ile ile. Mtu wa London hawezi kuliona hilo wingu maisha yake yote akiwa kwao. Mtu wa Cape Town anaiona Andromeda ikitambaa chini kwenye vumbi, nyuzi 15 tu. Sisi tunageuza shingo.

Sasa uende njia ipi? Hapa wageni hukosea. Wanauliza "wapi kuna giza?" wakati swali ni "galaksi yangu iko upande gani?" Mwanga wa jiji unaonekana kama kuba hata ukiwa kilomita 60, na hutaki kupiga picha kupitia kuba hilo. Ukitaka Andromeda, ambayo iko kaskazini, shika barabara ya Kondoa, jiji libaki mgongoni. Ukitaka Mawingu ya Magellan au galaksi ya Centaurus A, ambazo ni za kusini, shika barabara ya Mtera. Bahi ni kwa vitu vya magharibi, na kwa wavivu kama mimi siku ambazo mafuta hayatoshi. Kuba hupungua haraka kadiri unavyoondoka. Kanuni inayotumika inasema ukizidisha umbali mara mbili, mwanga wa jiji unapungua zaidi ya mara tano. Kwa hiyo kilomita 20 za mwanzo zina faida kubwa, na 20 zinazofuata zina faida kubwa zaidi ya ulivyodhani.

Upepo wa Dodoma sihitaji kuuelezea kwa watu wa Dodoma. Lenzi ndefu inatikisika, nyota zinatoka kama koma. Dawa yake ni mbuyu. Mbuyu mnene ni ukuta wa bure, na kwa bahati tumejaliwa mibuyu. Ukimaliza upepo, kuanzia Septemba kuna moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la ng'ombe. Wengine husubiri. Mimi hupanda mwinuko wowote nitakaoupata, moshi ubaki chini.

Kuna shida moja ambayo vitabu vya wenzetu havina, kwa kuwa wao hawaijui. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kamera lazima ikae juu ya mtambo unaozunguka kinyume chake polepole, na mhimili wa mtambo huo lazima uelekee ncha ya anga. Wenzetu wa kaskazini wana nyota ya ncha, inang'aa, iko juu, wanailenga na kuendelea na chai. Nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo. Ncha yetu ni ya kusini, na kutoka hapa iko juu nyuzi 6 tu, ndani ya vumbi, na nyota iliyo jirani nayo ni hafifu mno. Mtambo wangu umetengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya, haukubali kulala mpaka nyuzi 6. Nilipoulazimisha, lile jiwe lake la kusawazisha uzito lilikuwa linagonga mguu wa stendi kila baada ya muda mfupi, ko, ko, na kila mgongano mmoja ni fremu imekufa. Niliharibu safari mbili nzima. Hatimaye fundi wa kuchomelea akanitengenezea kabari ya chuma chini ya mguu mmoja, stendi yote ikainama kama mtu anayesujudu, na jiwe likapita. Kabari ile ilinigharimu bei ya kuku wawili, na imenisaidia kuliko lenzi.

Jambo jingine la porini, na hili vijana mlisikie. Usiende kijiji cha watu usiku na mdomo wa kitu kirefu ukiwa umeelekea juu, taa nyekundu kichwani, bila kuaga. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji, saa za mchana, mweleze, muonyeshe picha. Mimi mara ya kwanza sikufanya hivyo. Saa sita usiku nilizungukwa na wanaume wenye fimbo, waungwana sana, wakitaka kujua ninamroga nani. Niliwaonyesha Zohali na pete zake kupitia darubini ndogo niliyokuwa nayo. Walipanga foleni. Mmoja alirudi na watoto wake akiwa amewaamsha usingizini. Lakini ingeweza kwenda vinginevyo, kwa hiyo agizo langu linabaki: mwenyekiti kwanza.

Ni katika vijiji vya upande wa Mtera nilipopata somo langu kubwa kuhusu galaksi. Ilikuwa Oktoba, saa kumi alfajiri. Wingu Kubwa la Magellan lilikuwa limesimama kusini, kubwa, limekatika kama kipande cha pamba kilichosahaulika. Hiyo ni galaksi, miaka ya nuru 160,000 kutoka hapa. Nyota moja ndani yake ililipuka Februari 1987 na watu wa kusini mwa dunia waliiona kwa macho matupu. Nimeinama kwenye kamera, nasikia hatua. Bibi mmoja anawahi kisimani kabla ya foleni, ndoo kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini huko, mjukuu wangu?"

Nikamwambia napiga picha lile wingu pale. Hakuhitaji kuonyeshwa lipi. Alitazama mara moja, akaweka ndoo sawa.

"Lile tunalijua," akasema. "Halinyeshi."

Akaenda zake kisimani. Wagogo mnacheka kwa sababu mnaelewa. Katika nchi hii kila wingu lina swali moja linaloulizwa, na lile lilishafeli mtihani tangu enzi za mababu. Kwa pwani wao wana Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake lenyewe linatokana na kulima, na msemo wao kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Watu wetu walikuwa wakisoma anga kama kalenda ya shamba. Yule bibi ameiona galaksi nyingine kwa macho yake kila mwaka wa maisha yake, akaipima na kuipa cheo chake. Wanangu watatu, waliozaliwa Kisasa, hawajawahi kuiona kutoka nyumbani.

Na hapa, mheshimiwa, nakuja kwenye ombi, ila nataka niwe mkweli. Jiji hili likikua mimi nanufaika. Sensa ya 2012 ilitukuta watu 411,000 hivi. Ya 2022 ikatukuta zaidi ya 765,000. Serikali imehamia, treni ya umeme imefika, harusi zimeongezeka na bei zangu mnazijua. Sitaki barabara zenye giza. Mama anayefunga meza yake ya chipsi saa tano usiku anahitaji taa, na binti anayerudi chuoni anahitaji taa. Ninachosema ni kuhusu ile nuru inayokwenda juu. Ile haimuonyeshi mtu njia. Imelipiwa, imetoka kwenye taa, imepita juu ya kichwa cha binti na kwenda kumwangazia popo.

Hili si jambo la Dodoma pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watu duniani hawawezi tena kuiona Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota wa galaksi yetu, mahali wanapoishi. Mwingine wa 2023, uliotumia macho ya watu wa kawaida waliohesabu nyota kwa zaidi ya miaka 10, hasa Ulaya na Marekani, ulikuta anga linaongezeka mwanga kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa mwendo huo anga hung'aa mara mbili ndani ya miaka 8. Sisi bado hatujafika kwao, na sioni sababu ya kuwakimbilia.

Nina ushahidi mdogo wa nyumbani. Jirani yangu, mzee mstaafu, aliweka taa kubwa ya ulinzi kwenye kona ya ukuta wake, nyeupe kama ya uwanja wa mpira, imelala mlalo. Ilimulika ua wake, ua wangu, mwembe wangu, na dirisha la chumba anacholala mama yake. Sikwenda kulalamika. Nilikwenda kwa fundi bati, nikamweleza, akakata kipande cha debe la mafuta ya kula na kukikunja mfano wa kofia ya polisi. Nikaenda nacho kwa mzee nikasema, "Baba, nimekuletea zawadi ya taa yako." Tulipanda ngazi pamoja. Taa tukaiinamisha chini, kofia juu, na balbu tukabadilisha tukaweka ya rangi ya joto, chini ya kelvini 3000, kwa sababu nuru ya buluu ndiyo inayotawanyika zaidi hewani, ni kisa kile kile kinacholifanya anga la mchana kuwa buluu. Ua wake uliongezeka mwanga, maana sasa nuru yote inashuka chini. Wiki ileile mama yake aliniambia amelala usingizi mpaka adhana. Mimi nikapata mwembe wenye giza.

Kofia ya debe. Kama jiji zima lingewekewa taa zenye kofia tangu mwanzo, wakati bado barabara mpya zinajengwa, ingekuwa rahisi kuliko kuja kuzivisha baadaye moja moja. Namibia wana hifadhi ya NamibRand iliyopewa hadhi ya anga la giza mwaka 2012, na watu hupanda ndege kwenda kulala nje pale. Afrika Kusini walitunga sheria mwaka 2007 ya kulinda anga la darubini zao. Sisi tuna Kolo, kule Kondoa, michoro ya miambani iliyoandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na wageni tunawapeleka asubuhi, tunawarudisha jioni kabla jua halijazama. Yaani tunawaondoa pale wakati nusu ya pili ya maonyesho ndiyo kwanza inafungua mlango. Mtu wa utalii aliyemo humu nitamtafuta baadaye.

Mwenye saa ameinua kidole. Nasema la mwisho.

Leo ni mwezi gizani na Mei imetupa anga safi. Kati ya saa tatu na saa tano usiku tutakuwa na galaksi ya Sombrero karibu utosini, umbali wa miaka ya nuru milioni 30 hivi, na Centaurus A upande wa kusini, ile yenye mkanda mweusi wa vumbi katikati kama mtu aliyefunga kanga kiunoni. Ni ya kusini, kwa hiyo tunakwenda barabara ya Mtera, na mwenyekiti wa kitongoji nimeshaongea naye tangu Jumanne. Basi dogo linaondoka hapa nje saa kumi na moja jioni. Njooni na koti, msidanganywe na joto la saa hizi. Simu zenu funikeni kioo kwa karatasi nyekundu ya zawadi, macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza na mwanga mmoja wa simu unayarudisha mwanzo. Atakayechelewa na kuja na gari lake, azime taa kubwa akifika kwenye mbuyu uliochongoka upande mmoja, aje kwa miguu kutoka hapo. Tutamsikia akija.